Kitu cha Kuchezea Imbwa ya Mukwe

Mimi Emérita sikuwa mutu wa kupenda imbwa. Niseme mapema, juu hapa kwetu mulimani, karibu na Kitshanga, watu wanajua mudomo yangu na watasema nadanganya. Imbwa kwangu ilikuwa kitu cha kulala inje, kula mabaki na kufukuza wezi wa birayi, viazi vyetu. Siku mukwe wangu Floribert alitoka Kashebere na imbwa yake akaiacha kwetu, nilimuambia bwana yangu Straton: "Ile kitu isivuke mulango ya kwenye natengenezea fromaji. Ikivuka, naichemsha pamoja na maziwa." Straton akacheka. Yeye anachunga ng'ombe na kucheka, hakuna kazi ingine namujulia. Mimi njo natengeneza fromaji, jibini ya maziwa yake.

Floribert njo bwana wa Françoise, binti yetu wa pekee. Iko mutu wa Walikale, muwindaji, mutoto wa wawindaji. Wakati ule pori yao ilikuwa imejaa watu wa bunduki, hakuna mwenye angeingia kufukuza nyama. Akapata kazi ya kujenga daraja mbali, kwenye hawakubali imbwa. Basi akaomba tumuchungie mupaka pori itulie, kisha atakuja kuichukua. Unakatalia mukwe namna gani? Tukaitika.

Hapa lazima nieleze, kama hauko wa kwetu. Mukwe mwanaume na mama mukwe hawaangaliane uso. Hawapeane mukono, hawakule pamoja, hawaitane jina. Akifika, mimi naingia jikoni na yeye anabakia uwanjani. Akitaka kunisalimia, anasalimia ukuta. Neno yake anaipatia Straton, na Straton ananiletea. Ni heshima, sisemi mubaya; mama yangu aliishi vile, na mama yake pia. Lakini tangu Françoise aolewe, ule kijana sikupata hata siku moja kumuona vizuri. Nilimujua kwa mabote yake, vile viatu virefu vya mupira, na kwa kikohozi.

Imbwa yake iliitwa Kimya. Zile imbwa za pori hazibweki, muwindaji anaifunga kengele ya muti kwa shingo ili ajue imepita wapi. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, masikio imesimama, mukia imejikunja, na mikunjo kwa paji la uso kama mutu mwenye iko nasikiliza mahubiri marefu. Siku za kwanza alilala tu. Kisha akaona kwetu hakuna nyama ya kufukuza, na meno yake ikatafuta kazi. Akala kandambili ya Straton. Akala kamba ya ndoo. Akala kitambaa chenye nachujia maziwa, na kile kilikuwa kipya. Nilimufukuza na fagio kuzunguka nyumba, yeye anakimbia anageuka ananingojea, anaona ni muchezo.

Sijui ilianza siku gani. Niko nakandamiza fromaji, nasikia kitu cha moto kwa muguu: kidevu yake. Nikamusukuma. Akarudisha. Nikamusukuma tena. Akarudisha, na akatoa pumzi ndefu ya mutu mwenye amechoka na mabishano. Nikamuacha. Kisha nikaanza kumuambia mambo. Françoise iko mbali, Straton iko na ng'ombe zake mupaka jioni, na mimi niko peke yangu na maziwa kutwa nzima. Nilimuambia bei ya chumvi, nilimuambia habari ya mafundo ya magoti yangu yenye inauma, nilimusengenyea hata jirani. Alisikiliza yote na ile mikunjo yake. Nilimupenda, bana. Nilimupenda kabisa, na nikaanza kuogopa siku ya mabote kurudi.

Basi nikafanya akili. Nikajiambia: Floribert akikuta imbwa imenenepa, iko na furaha, iko na vitu vyake vya kuchezea kama mutoto wa kwenye nyumba yake, ataona haya kuitoa. Atasema mwenyewe, muache abakie. Hapo njo nilianza kumutafutia Kimya kitu cha kuchezea.

Mujue, si kazi nyepesi. Nilianza na kigunzi cha mahindi, juu kiko bure na kiko kigumu. Alikitafuna vizuri, nikafurahi, kumbe alikuwa anameza vipande. Tumbo ikafunga. Akakaa anatapika nyuma ya zizi, mimi namukanda na maji ya moto, Straton anazunguka anasema, "Utaua imbwa ya watu." Ikapita. Nikamupa kamba ya nailoni yenye mafundo. Nyuzi ikaingia tumboni na ikatoka kwenye nyuzi haipaswe kutoka, sitaeleza zaidi. Nikakata kipande cha kandambili ya tairi, nikafikiri hii haitaisha; nikakuta ndani mwake nyaya za chuma nyembamba kama sindano, nikaitupa chooni. Mufupa ya kupika sikumupa. Hiyo nilijua mwenyewe, inavunjika inatoa makali na inapasua matumbo. Nilijifunza kwa imbwa ya baba yangu.

Sasa nikawa natembea sokoni Kitshanga nashika vitu, navikunja, naving'ata. Ndiyo, nilikuwa naving'ata! Muuza ndoo aliniuliza kama njaa imefika pale. Nilimuambia atunze ndoo zake. Nilikuwa nataka kujua kama kitu kinatoa vipande, kama kinaweza kupita koo, kama kina rangi yenye inabaki kwa ulimi. Mutu akikupa mutoto wake umulindie, si utaangalia kile anatia kwa mudomo?

Mwisho nikachukua suruali ya zamani ya Straton, ile nzito, nikashona mupira mukubwa kupita mudomo ya Kimya, uzi mara mbili, ndani vitambaa tupu. Nilikuwa nashonea kwa kizingiti wakati jirani yangu Uwingabire alipita. Akasimama, mikono kwa kiuno.

"Emérita, unashonea nani?"

"Imbwa."

"Imbwa! Watoto wa kambi ya wakimbizi pale chini wanapiga mupira wa majani ya migomba, na wewe unashonea imbwa mupira wa suruali?"

Neno ile ilinichoma, juu ilikuwa kweli. Nikaingia ndani, nikatoa suruali ingine, na mupira wa kwanza ukaenda kwa watoto wa Uwingabire na wenzao wa kambi. Straton alibaki na suruali moja ya kazi na moja ya kanisa. Wa pili njo ulikuwa wa Kimya. Uwingabire alikuja kuuangalia, akauvuta na mikono mbili, akasema mushono iko nguvu. Kwa Uwingabire hiyo ni sifa kubwa.

Kimya aliupenda, lakini si kuutafuna. Alipenda niufiche. Naupaka maji ya maziwa kidogo, naukokota kwenye majani ya malisho, napita pale na pale, nauweka nyuma ya jiwe. Kisha namufungulia. Eh, mungeona! Pua chini, mukia inatetemeka, anakata kulia anakata kushoto, kimya kabisa, na akiupata anaubeba juu kama mutu amekamata paa. Mimi mama muzima nikawa napiga makofi peke yangu malishoni, na ng'ombe zinaniangalia.

Lakini fromaji haingoji. Saa ya kazi sikuweza kukokota mupira, na akikaa bure anarudia vitambaa vyangu. Hapo nikakumbuka pembe. Straton alikuwa na pembe ya ng'ombe yake muzee, kubwa, nzito, haiwezi kupita koo la imbwa yoyote. Nikaichemsha mupaka harufu ikaisha, nikasugua makali kwenye jiwe mupaka ikawa laini kama kikombe. Ndani nikaweka maganda makavu ya fromaji. Kimya akalala nayo kati ya mikono, akalamba, akaigeuza, akaisukuma na pua, maganda yanaanguka moja moja. Nikamaliza kazi yote ya asubuhi bila kusumbuliwa. Nikaimba hata. Nikasema, Floribert akiona hii pembe, maneno imeisha.

Ikafika habari kwamba pori imetulia na daraja imekwisha. Mukwe iko nakuja.

Siku ile niliamuka mapema. Nilimusugua Kimya na sabuni, nikamupangusa. Nikasikia pikipiki, nikasikia kikohozi, nikaingia jikoni. Kimya alitoka kama risasi. Nilichungulia kwenye ufa ya mulango: mabote, na imbwa yangu inazunguka mabote, inajisugua, inakojoa kwa furaha. Wivu ilinishika. Nikasema, ngoja, hujaona kitu.

Nikachukua pembe. Lakini sikutia maganda makavu, ile ni ya kila siku. Nilitaka mukwe aone namna imbwa yake inakula kwa mama mukwe. Nilitia fromaji ya leo, ile laini yenye bado inatoa maji, nikaishindilia na kidole mupaka chini kabisa, nikajaza. Nikamuita Kimya kwa mulango, nikamupa, akaenda nayo pale uwanjani mbele yao. Nikarudi kuchungulia.

Nikaona mabote inasogea karibu na imbwa. Floribert aliinama, akaangalia pembe, akasema kitu kwa sauti ya chini. Straton akaja jikoni na ile cheko yake.

"Mukwe anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema pembe iko muzuri. Anashukuru."

Nilisikia tamu. Nikageukia moto yangu, nikaweka maziwa, na nilikuwa nasema ndani ya roho: anabakia, anabakia.

Imbwa yenye haibweki haikuite. Kitu nilisikia ni pembe kugonga chini. Tok. Tok. Nikafikiri ni muchezo. Kimya alikuja mwenyewe mupaka kwa mulango yangu, kichwa chini, anakokota pembe, na hakuwa ameishika na meno, pembe njo ilikuwa imemushika mudomo. Ulimi ulikuwa umeingia ndani karibu mupaka shina na haukuweza kutoka. Alikuwa amelamba ile fromaji laini, amevuta pumzi yote ya ndani, na pembe ikamunyonya. Pande ya ulimi yenye ilibaki inje ilikuwa inavimba, inageuka rangi ya bilinganya.

Nikapiga magoti, nikashika pembe, nikavuta. Akalia. Kimya alilia, sauti sikuwahi kusikia, nyembamba, ya mutoto muchanga. Nikapiga yowe.

Mabote ikaingia jikoni mwangu.

"Usivute!" akapaza. "Mama, acha! Utamukata ulimi! Acha, nakuambia!"

Niliacha. Katika maisha yangu hakuna mwanaume amenipazia sauti vile, hata baba yangu. Floribert akaanguka kwa magoti mbele yangu, uso kwa uso, karibu niguse paji yake na yangu.

"Mushike kichwa. Nguvu. Mufunike macho. Iko wapi kitu cha kutobolea?"

"Chuma iko kwa moto," nikasema.

Maana mimi kila siku natoboa makopo ya kutilia fromaji, ili maji itoke, na chuma yangu ya kutobolea haitoki kwa moto. Akaichukua na kitambaa. Akapapasa pembe na vidole, akahesabu na macho ulimi umefika wapi, akaweka chuma pembeni, chini kabisa, kwenye ulimi haufiki. Pembe ikaanza kuungua. Moshi yenye harufu ya nywele ya kuungua ikatujaa machoni. Kimya anapigana ndani ya mikono yangu, moyo yake inagonga kwa tumbo langu, na mimi namuambia, ngoja baba, ngoja, ngoja. Chuma ikapoa. Floribert akairudisha kwa moto, na tukangoja. Tukangoja sisi wawili tumeshika imbwa moja, pumzi kwa pumzi, na hapo njo niliona uso wake mara ya kwanza. Alikuwa kijana sana. Alikuwa na kovu chini ya jicho, na machozi ilikuwa inapita juu yake.

Chuma ikarudi. Ikasukuma, ikasukuma, ikapita. Pumzi ikaingia kwa tundu, fyuu, na ulimi ukateleza inje wenyewe, mukubwa, mubaya, lakini muzima. Pembe ikaanguka.

"Nilisema haina tundu ya pumzi!" Floribert akapaza bado, hajajua yuko wapi. "Nilisema! Kwetu tumepoteza imbwa kwa kibuyu namna hii! Kwa nini hukusikia, ungemuua!"

Kisha akakumbuka yuko kwa nani. Akaangalia mikono yake, akaona magoti yake imegusa nguo yangu, akaona Uwingabire na watu wengine wa jirani wamesimama kwa mulango. Akafunika uso na mukono. Akatoka akienda kinyumanyuma, anainama, anagonga mabati ya mulango.

Nikageukia Straton. Siku ile hakucheka.

"Mukwe alisema nini pale uwanjani?"

"Alisema pembe haina tundu," Straton akajibu. "Alisema tuiondoe."

"Na wewe ukanileteaje?"

"Emérita, uliifanya na roho yote. Nani angekuja kukuambia?"

Nilitaka kumurushia sufuria. Lakini mikono ilikuwa imeshika imbwa. Na nilikaa pale nikiwaza ni maneno ngapi yamekuja kwangu yameoshwa hivi njiani, na hasira ikageuka baridi. Ndani ya nyumba yangu kila mutu ananiambia asante, hakuna mwenye ananiambia kweli.

Kimya hakuweza kula. Nilimutonea maziwa kwa kitambaa, tone kwa tone, na Floribert alilala kwa Uwingabire akingojea uvimbe ya ulimi ipungue. Kila asubuhi alikuja anakohoa nyuma ya ukuta, Straton anamuambia imekuwaje, anarudi. Desturi iko wazi: mukwe mwenye amemupazia mama mukwe sauti na kumugusa nguo, lazima aoshe ile kosa. Akashuka sokoni, akapandisha na kuku na bidon ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wazee wa pande zote mbili wakakaa uwanjani, kuku ikapokelewa, kasiksi ikamwagwa kidogo chini, tukaambiwa imekwisha, kila mutu arudie nafasi yake. Mimi nilikuwa jikoni, Kimya kidevu kwa muguu yangu. Ulimi ulikuwa umerudi ndani ya mudomo, alikuwa amekula uji yote.

Nikasikia kikohozi. "Baba," Floribert akamuambia Straton, "mumuambie Mama kwamba kesho asubuhi naenda na imbwa, kama anaruhusu."

Na Straton, mutu hafunzwi, akaingia na cheko: "Mukwe anasema hana haraka..."

Nikasimama. Nikamupita. Nikatoka jikoni, katikati ya uwanja, mbele ya wazee na vikombe vyao, nikasimama mbele ya yale mabote. Uwingabire akashika mudomo.

"Floribert," nikasema. Jina yake, hivyo, wazi. "Niachie imbwa. Nakuomba mimi mwenyewe. Naipenda."

Akatafuta ukuta wa kujibia. Ukuta ulikuwa nyuma yangu. Akaangalia Straton, na Straton akaangalia kasiksi yake. Niliona kabisa namna ilikuwa rahisi kwake kusema ndiyo, mbele ya wazee, mama mukwe ameomba kwa mudomo yake, nani angekataa? Mimi nilijua. Njo maana niliomba pale.

Akainua uso.

"Hapana, Mama," akasema.

Sauti yake ilitetemeka, lakini macho haikushuka. "Kimya njo anatulisha. Françoise na watoto wanamungojea. Na sitakuambia sina haraka, ao nitafikiria. Siku ile nilikuambia kwa kupitia njia ya heshima, kidogo tumuzike. Sasa nakuambia wewe. Hapana."

Wazee wakaguna. Mutu mumoja akasema kuku ingine itafutwe. Nikamuambia anyamaze.

Iliniumiza, sitadanganya. Iliniumiza kama kunyonyolewa. Lakini pale kwenye ilikuwa inauma, kulikuwa na kitu kingine kinatoka, na nilikijua. Françoise alipokuwa mudogo alikuwa ananikatalia vile, amesimama mbele yangu, midomo inatetemeka, na hatoroki. Tangu aolewe, hakuna mutu amesimama pale.

"Enda naye, mutoto wangu," nikasema, na kilio kikanishinda. Nikalia mbele yake, waziwazi, na hakugeuza uso.